Kupunga Upepo Katika Mto Sumida

Miongoni mwa mambo afanyayo mwanadamu, kupunga upepo ni jambo lisilo na ujira, lisilo na cheo, wala halimjengei mtu sifa. Tajiri hulifanya na mchukuzi hulifanya. Huanza jua lituapo, hukoma usingizi ufikapo, na asubuhi yake hapana athari yoyote ibakiayo kuonyesha kuwa lilitendeka. Kwa sababu hiyo wengi wa watu wa elimu hulihesabu kuwa ni upuuzi. Walakini katika mji mmoja wa mashariki ya dunia, kwa muda wa miaka mia na zaidi, mafundi wa daraja ya juu kabisa walilifanya kuwa shughuli yao ya maisha. Walilichora, wakalichonga katika mbao, wakalichapa kwa rangi nyingi, wakaliuza mitaani kwa bei iliyokaribia bei ya bakuli la tambi. Mji huo ulikuwa Edo, ulioitwa Tokyo tangu mwaka 1868, na mto uliopungiwa upepo ni Sumida.

Wajapani wana neno lao, yusuzumi, lenye maana ya kutafuta ubaridi wa jioni. Mfasiri wa Kiswahili hana haja ya kujisumbua nalo. Mtu wa Pwani atokaye nyumbani baada ya alasiri akaenda kukaa ukingoni mwa bahari bila ya shauri lolote amekwisha kulifasiri.

Edo ulikuwa mji mkubwa mno. Katika karne ya 18 wakazi wake hukadiriwa kuwa walifikia milioni moja, na wengi wa watu wa kawaida walibanana katika vyumba vya mbao vilivyopangwa safu kwa safu nyuma ya maduka. Kiangazi cha huko si cha mzaha. Mvua zitanguliazo huiacha hewa imejaa maji, na mvua zikatikapo hufuata fukuto ambalo hata usiku haliondoki, kwa kuwa kuta na mapaa hurudisha joto lililomezwa mchana kutwa. Mtu wa vyumba vile alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, napo ni mtoni. Kwa hesabu ya miezi ya zamani, siku ya 28 ya mwezi wa tano mto ulifunguliwa, na tangu siku hiyo mpaka siku ya 28 ya mwezi wa nane vibanda vya ukingoni vilipewa ruhusa ya kuwasha taa mpaka usiku, na mashua za starehe ziliruhusiwa kuelea. Palikuwa na mashua kubwa zenye paa, zilizokodiwa na mabwana wa majimbo na wafanyabiashara wakubwa. Palikuwa na ndogo zenye paa jepesi na mapazia ya mianzi. Palikuwa na nyembamba za mbio zilizowapeleka wanaume upande wa juu wa mto, kwa haja itakayotajwa baadaye. Katikati ya hizo zote zilipita mashua za wachuuzi, zikiuza vyakula, matunda na pombe ya mchele. Mashua hizo zilipewa jina lenye maana ya kutangatanga, na jina hilo liliwafaa pia wateja wao.

Asili ya furaha hiyo ni maafa. Mwaka 1657 ulizuka moto uliodumu siku tatu, ukateketeza zaidi ya nusu ya mji. Baadhi ya wenye historia hukadiria waliokufa kuwa walifika 100,000. Wengi katika hao walikimbilia mtoni, na mtoni hawakuona njia. Watawala wa ukoo wa Tokugawa, kwa kuhofu majeshi ya adui, hawakutaka madaraja juu ya mto ulioulinda mji wao. Palikuwa na daraja moja tu, mbali upande wa juu, mahali paitwapo Senju. Watu walisongamana ukingoni, moto nyuma yao na maji baridi ya mwisho wa kipupwe mbele yao, wakafa kwa vyote viwili. Baada ya hayo serikali iliona aibu, au iliona hasara, nayo ikaamuru daraja lijengwe. Lilikamilika mwaka 1659 kwa kumbukumbu moja, na mwaka 1661 kwa nyingine, likaitwa Ryogoku, yaani Nchi Mbili, kwa kuwa liliunganisha jimbo la Musashi na jimbo la Shimosa. Penye mwisho wa daraja paliachwa uwanja mpana ili moto ukija tena usipate pa kurukia. Nyumba za kudumu zilikatazwa katika uwanja huo. Lakini mahali palipokatazwa nyumba huota vibanda, na vibanda vikaota: vya chai, vya vyakula, vya wasimuliaji wa hadithi, vya wacheza viini macho; vyote vyepesi, vya kubomolewa kwa saa chache itokeapo amri. Kwa namna hiyo uwanja uliotengwa kwa ajili ya hofu ukawa uwanja wa furaha kupita viwanja vyote mjini. Upande wa mashariki wa daraja lilisimama hekalu la Ekoin, lililoanzishwa mwaka ule ule wa moto juu ya kaburi la watu waliokufa bila ya kujulikana majina. Kila mtu aliyepunga upepo Ryogoku alipunga upepo karibu na kaburi hilo. Picha nyingi za kiangazi hazilionyeshi, wala wanunuzi hawakuwa na haja ya kuonyeshwa, walilijua.

Hata fataki zilizowashwa juu ya maji husimuliwa kuwa zilitokana na msiba. Yasemwa kuwa mwaka 1732 palikuwa na njaa, ikafuatwa na maradhi, na mwaka 1733 fataki zikawashwa kuwa ni sehemu ya maombi kwa ajili ya wafu. Wachunguzi wa siku hizi wana shaka na hadithi hiyo, nao wana haki ya kuwa na shaka, maana hadithi iliyonyoka sana aghalabu imenyooshwa na mtu. Lisilo na shaka ni kwamba kazi ya fataki ilishikwa na nyumba ya Kagiya, na baadaye na nyumba nyingine iliyotoka katika hiyo, Tamaya. Moja iliwasha upande wa chini wa daraja na nyingine upande wa juu, na umati uliita jina la mshindi kwa kila mwali uliopasuka vizuri. Mwaka 1843 moto ulitokea kwa Tamaya ukaunguza majirani, na mwenye nyumba akafukuzwa mjini. Kagiya ilibaki peke yake. Lakini umati, kwa sababu wanazozijua wao, uliendelea kuita Tamaya.

Sasa hapana budi kueleza jinsi picha zilivyofanywa, kwa kuwa watu wengi wazisifuo humsifu mtu mmoja kwa kazi ya watu wanne. Wa kwanza ni mchapishaji, aliyejua watu wanataka nini na aliyetoa fedha. Wa pili ni mchoraji. Huyu alichora kwa wino katika karatasi nyepesi, na kazi ya mkono wake iliishia hapo. Wa tatu, mchongaji, aliigandisha karatasi ile kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, kisha kwa kisu na patasi akaondoa kila mahali pasipokuwa na mstari. Mchoro wa asili uliangamia chini ya kisu. Kila picha ya namna hii ilizaliwa kwa kifo cha mama yake. Nywele za mwanamke penye paji la uso, ambazo mchoraji mara nyingine aliziashiria tu, zilichongwa na mtu huyu unywele kwa unywele, katika mti, mara kadha ndani ya upana wa ukucha. Kila rangi ilitaka ubao wake, na penye kona ya kila ubao ilichongwa alama ya kuielekeza karatasi ili rangi zisiachane. Wa nne, mpiga chapa, aliilowesha karatasi iliyofanywa kwa magome ya jamii ya mforsadi, akapaka rangi ubaoni kwa brashi, akailaza karatasi juu yake, akaisugua mgongoni kwa kitasa kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Ufundi wa kuchapa kwa rangi nyingi ulikamilika mwaka 1765, katika zama za mchoraji Suzuki Harunobu.

Mtazamaji wa picha za jioni atazame anga penye ncha ya juu ya karatasi, mahali giza linapoanza, na atazame maji penye ukingo, mahali buluu inapokolea na kufifia. Kufifia huko hakukuchorwa na mchoraji wala hakukuchongwa na mchongaji. Mpiga chapa aliulowesha ubao kwa kitambaa, akaipaka rangi upande mmoja tu, akaiacha itambae yenyewe katika maji, na kazi hiyo aliirudia upya kwa kila karatasi, mamia kwa mamia. Jioni yenyewe, basi, ambayo ndiyo maana ya picha, ilitiwa na mtu wa mwisho katika safu na wa mwisho kwa jina. Jina la mchoraji limeandikwa, na alama ya mchapishaji imepigwa. Mchongaji alipata muhuri mdogo mara chache, na mpiga chapa alipata kwa uchache zaidi. Ajabu ni kwamba watu wawili hawa, walioketi mchana kutwa juu ya mkeka wakijaribu kuupata ubaridi wa mto kwa kitambaa na kisu, ndio waliouhitaji kuliko wengi wa waliochorwa.

Katika wachoraji wa mto huu wako wa aina mbili. Utagawa Toyoharu, aliyezaliwa mwaka 1735 na kufa mwaka 1814, alijifunza kutoka katika picha za Ulaya namna ya kuifanya mistari ikimbilie mbali na kukutana. Kwa ujuzi huo aliweza kuionyesha Ryogoku yote: daraja limejaa vichwa, mto umejaa mapaa ya mashua, vibanda vyenye fanusi vikipungua umbo mpaka vimekuwa nukta. Mtu ataweza kuhesabu watu katika picha zake, lakini hatapata pumzi humo. Torii Kiyonaga, aliyeishi tangu mwaka 1752 mpaka 1815, alifanya kinyume chake. Aliwaondoa maelfu akabakiza wanawake wachache, warefu kupita kiasi, wenye nguo nyepesi za kiangazi. Mmoja ameketi, mmoja amesimama, mmoja amegeuka kama aliyeitwa. Nyuma yao ni maji, na juu ya maji hapana kitu. Upepo hauchoreki, lakini katika picha za Kiyonaga upo. Huonekana katika pindo la nguo lililoachana na mguu, na katika kipepeo kilichoshikwa bila ya kupepewa, kwa kuwa hakihitajiwi tena. Toyoharu aliujua mji, na Kiyonaga aliijua jioni. Ikiwa lazima mmoja aachwe, na aachwe Toyoharu, ijapokuwa wenye historia watalalamika.

Mahali pamoja alipopapenda Kiyonaga ni Nakasu. Hapa palikuwa na ardhi iliyotengenezwa kwa kujaza udongo mtoni katika miaka ya 1770, ikafunikwa na nyumba za chai na za starehe, na kwa muda wa miaka kama kumi na mitano palishindana na kila mahali mjini kwa taa na ngoma. Kisha ikaja serikali yenye kupenda ukavu. Baada ya njaa kubwa ya miaka ya 1780 waziri Matsudaira Sadanobu alianza kuwafundisha watu kubana matumizi, na mwaka 1789 Nakasu ilibomolewa, udongo ukaondolewa, na mto ukarudishiwa mahali pake. Mtu aitazamapo leo picha ya wanawake wa Kiyonaga wakipunga upepo Nakasu huwaona wamesimama juu ya ardhi ambayo, miaka michache baada ya picha kuchapwa, ilikuwa maji matupu. Tangu mwaka 1790 picha nazo zilitakiwa kupata muhuri wa mkaguzi kabla ya kuuzwa. Kitagawa Utamaro, mkubwa wa wachoraji wa wanawake, alikamatwa mwaka 1804 kwa picha zilizomhusu mtawala aliyekufa miaka mia mbili nyuma, akatiwa pingu mikononi siku 50, na mwaka 1806 akafa.

Kazi ya Utamaro kuhusu mto huu ni karatasi sita, zilizochapwa karibu na mwaka 1795. Tatu huwekwa juu na tatu chini. Katika zile za juu wanawake wamesimama darajani penye ukingo. Katika zile za chini wengine wamo katika mashua chini ya nguzo za daraja lile lile. Mnunuzi aliyekuwa na fedha kidogo aliweza kununua tatu tu, na zilimtosha. Aliyenunua zote alipata daraja zima. Ni kazi ya biashara yenye akili, na pia ni kazi ya mtu aliyeelewa kuwa mto una daraja mbili za watu. Wa juu wametoka majumbani mwao kwa miguu, na watarudi kwa miguu. Wa chini wamelipiwa.

Hapa ndipo picha hizi zinapomtia taabu mtu mwenye haki. Wanawake wengi walioketi katika mashua na katika nyumba za ukingoni walikuwa kazini. Wengine walikuwa waimbaji na wapiga zeze, wengine walikuwa wa madanguro. Mashua nyembamba za mbio zilizotajwa juu zilikwenda kuelekea Yoshiwara, mtaa wa madanguro uliohamishiwa nyuma ya Asakusa baada ya moto wa mwaka 1657. Wasichana wa huko walikuwa wameuzwa na wazee wao maskini kwa mikataba ambayo kwa kawaida ilichukua miaka kama kumi, na wengi hawakuifikia kumi hiyo. Waliokufa bila ya ndugu wa kuwadai walipelekwa hekalu la Jokanji, na watu waliliita hekalu la kutupia. Kwa mgeni aliyekodi mashua, jioni ilikuwa mapumziko. Kwa mwanamke aliyeketi mbele yake, jioni ilikuwa mwanzo wa siku ya kazi. Kipepeo kimoja, upepo mmoja, mto mmoja, na hali mbili zisizokutana.

Wako wasemao kwamba, mambo yakiwa hivyo, picha hizi ni uongo wenye rangi nzuri. Neno hilo ni kali, wala halikosi msingi. Wachapishaji walipata faida kwa kuwauza upya, kwa karatasi, wanawake waliokwisha kuuzwa kwa mkataba. Lakini mtu akiziangalia picha kwa saa nyingi badala ya dakika chache ataona kuwa haziongopi katika kila kitu. Katika nyingi za aina hii yupo nyuma ya mashua mtu wa upondo. Kiwiliwili chake kimeinama, nguo imefungwa kiunoni, na uso wake aghalabu umegeukia upande mwingine. Hana habari na muziki. Yeye peke yake katika chombo chote anatokwa na jasho, na bila ya jasho lake hapana aendaye popote. Mchoraji hakulazimika kumtia. Mashua ingaliweza kuchorwa imefungwa. Alimtia kwa sababu alikuwako. Na nyuso za wanawake wa Utamaro, zikitazamwa bila ya haraka, hazicheki. Picha za furaha ambazo ndani yake karibu hapana achekaye ni jambo la kufikiriwa na wale wenye haraka ya kuhukumu. Neno ukiyo, ambalo jina la sanaa hii limetokana nalo, hapo kwanza katika mafundisho ya Kibuddha lilikuwa na maana ya ulimwengu wa huzuni. Baadaye liliandikwa kwa herufi nyingine yenye sauti ile ile, likawa ulimwengu unaoelea. Maandishi yalibadilika, lakini sikio lilibaki na yote mawili.

Liko jambo jingine ambalo halikukusudiwa na yeyote katika watu wanne wale. Rangi za karne ya 18 zilitoka katika maua na mimea. Buluu laini iliyopakwa katika maji ya mto na katika nguo za kiangazi ilikamuliwa kutoka katika maua madogo ya majani ya shambani, nayo ni rangi dhaifu kupita zote: nuru huila, na unyevu huigeuza. Kwa hiyo katika picha nyingi za Kiyonaga na wa zama zake mto umekuwa rangi ya chai iliyotiwa maji, na anga limekuwa rangi ya karatasi kuukuu. Wataalamu waliosifu sana utulivu wa rangi hizo za udongo walisifu, bila ya kujua, kazi ya jua. Hiroshige na wa zama zake walipata bahati nyingine. Karibu na mwaka 1830 ilienea Japani buluu iliyotengenezwa kwa kemia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na kuletwa na meli za Waholanzi na Wachina. Wajapani waliiita nili ya Berlin. Rangi hiyo haichujuki upesi, na kwa sababu yake mto wa wachoraji wa baadaye ungali mto, hali mto wa wale wakubwa wa mbele umekauka.

Ndugu wawili wa Boston, William na John Spaulding, walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1921 walitoa picha zao zipatazo 6,500, nyingi zikiwa na rangi zake za asili, kwa Museum of Fine Arts ya mji huo, kwa sharti moja: zisitundikwe kabisa ukutani mbele ya watu. Sharti hilo lilishikwa. Nakala zake siku hizi hupatikana kwa picha zilizopigwa kwa kamera, lakini karatasi zenyewe hukaa gizani. Wako walioliita sharti hilo uchoyo. Picha zilizochapwa kwa ajili ya umati, za bei ya chakula cha mchana, zikionyesha umati uliotoka nje kuipata hewa, zimefungiwa ndani zisipate hewa wala umati. Lakini mtu afikiriye neno la kuwajibu ndugu hawa ataona shida kulipata, maana majumba yaliyoonyesha zao kila mwaka kwa ukarimu yameonyesha mpaka buluu imekwisha.

Utagawa Hiroshige alizaliwa mwaka 1797 katika nyumba ya mtumishi wa kikosi cha kuzima moto cha serikali, na kazi hiyo aliirithi kabla ya kuwa mchoraji. Mtu aliyelelewa katika kazi ya kuukimbilia moto ndiye aliyechora kwa uzuri kupita wote moto wa kuchezea. Mwishoni mwa mwaka 1855 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Edo, likaua maelfu, na moto uliofuata ukala mitaa mizima. Mwaka 1856 Hiroshige, aliyekwisha kunyoa kichwa kwa desturi ya watawa, alianza mkusanyo wa picha za mahali maarufu pa mji huo. Picha ikafuata picha mpaka zikapita 100, na katika picha hizo mji uliovunjika huonekana mzima. Wengine humlaumu kwa kuficha vifusi. Labda, lakini mtu aliyepotewa na nyumba hahitaji kuchorewa kifusi, yuko nacho.

Picha ya fataki za Ryogoku ina muhuri wa mwezi wa nane wa mwaka 1858. Ni karatasi ya wima. Karibu yote ni giza, buluu iliyokolezwa mpaka imekaribia weusi. Daraja limelala katikati kama kivuli, na chini yake mashua zimetawanyika, nyingine zikiwa na fanusi, nyingine zikiwa mistari tu. Mkia wa fataki umepinda angani, na mahali ilipopasuka giza limerudi nyuma kidogo. Nyota zake ni za rangi ya machungwa iliyofifia. Fataki za zama hizo zilifanywa kwa shura, kiberiti na makaa, nazo hazikujua rangi nyingine mpaka madawa ya ng'ambo yalipoletwa baada ya mwaka 1868. Watu wamekuwa wadogo mno. Hapana tena mwanamke mrefu wa Kiyonaga, wala uso wa Utamaro. Hapana awezaye kujua nani amelipa na nani amelipiwa. Wote wametazama mahali pamoja kwa muda wa pumzi mbili, kisha giza litafunga. Kimya cha picha hii ni kikubwa, nacho ni ajabu kwa mtu ajuaye jinsi Ryogoku palivyokuwa na kelele.

Mwezi ule ule wa nane palikuwa na kipindupindu mjini. Kilikuwa kimeingia kwa bandari ya Nagasaki katika kiangazi kile kile, kikapanda mpaka Edo, kikaua watu wengi hata mahali pa kuchomea maiti pakashindwa na kazi. Hiroshige alifariki siku ya sita ya mwezi wa tisa, tarehe 12 Oktoba 1858 kwa hesabu ya Kizungu, na husemwa kuwa ni kipindupindu kilichomchukua. Haifai kuisoma picha kama wasia. Mchoraji wa kazi za biashara huchora fataki kwa sababu ni kiangazi na fataki huuzwa. Lakini waliokwenda kuinunua mwezi ule walitoka katika nyumba zilizofungwa kwa hofu, na walichochukua mkononi kurudi nacho ni jioni moja ya ubaridi, yenye watu wengi waliokaribiana bila ya kuogopana.

Huko Ulaya picha hizi zilikuja kuleta ugomvi usiotazamiwa. Mchoraji Whistler, aliyezikusanya na kujifunza kwazo, alichora fataki za usiku juu ya Mto Thames. Mwaka 1877 John Ruskin, mhakiki aliyeheshimiwa kuliko wote Uingereza, aliitukana kazi hiyo kwa maandishi. Whistler alimshtaki, na mwaka 1878 alishinda, akapewa fidia ya robo ya peni. Gharama za kesi zilimfilisi. Mpiga chapa mmoja wa Edo angaliweza kumweleza jaji kuwa giza nalo ni kazi.

Mto wenyewe uliendelea na mambo yake. Kobayashi Kiyochika, wa mwisho wa wachoraji wakubwa wa Ryogoku, alichora mwaka 1880 fataki zake kwa mwanga wa kisasa. Mwanzoni mwa mwaka 1881 moto ulipozuka karibu na daraja alitoka na daftari yake kuuchora, na aliporudi aliikuta nyumba yake imeungua. Mwaka 1897 ukingo wa daraja la mbao ulivunjika usiku wa fataki kwa uzito wa watazamaji, wakaanguka wakafa. Mwaka 1904 likawekwa daraja la chuma. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945 ndege za Marekani ziliziangushia bomu za moto sehemu zile zile za mji, na watu wapatao 100,000 walikufa. Wengi walikimbilia mtoni. Safari hii madaraja yalikuwako, lakini moto ulivuka juu yake pamoja nao, na chini yake maji yalijaa watu.

Fataki zilikatazwa wakati wa vita, zikarudi baada yake, zikakoma tena baada ya mwaka 1961 kwa sababu ya msongamano wa magari na uchafu wa mto, ambao katika miaka ile haukupungiwa upepo na mtu yeyote mwenye pua. Mwaka 1978, maji yalipoanza kusafika, zilirudishwa, safari hii zikiwashwa upande wa juu zaidi, karibu na Asakusa. Zilisimamishwa kwa maradhi ya korona tangu mwaka 2020 mpaka 2022, zikaanza upya mwaka 2023. Huwashwa jioni moja ya mwisho wa Julai, zipatazo 20,000, za kila rangi. Watu hujaa madarajani mpaka polisi wakawahimiza kutembea, mashua zenye paa hukodiwa miezi mingi mbele, na mwali mkubwa upasukapo huwapo daima mtu mzima fulani katika giza aitaye Tamaya, nyumba iliyofukuzwa mjini mwaka 1843.